Saa Sita Iliyotupeleka Baharini

Kwa mujibu wa ramani, mji wetu ni kisiwa. Nalisema hili mapema ili pasitokee mtu wa kudai nilimficha. Ikunjue ramani kubwa ya nchi, ile yenye jina juu, fremu pande zote nne, kipimio chini na mshale wa kaskazini pembeni, utatukuta tumekaa katikati ya buluu tupu, nukta nyeusi peke yake, robo ya dunia kutoka hapa ninapozungumza nawe. Na hapa ninapozungumza nawe ni vumbi mpaka kwenye kope. Mbuzi wetu hulamba kuta asubuhi kwa sababu ya ule ubaridi kidogo ulioachwa na usiku. Mama yangu, Bi Mize, midomo imempasuka, akicheka tu inatoka damu. Basi ameacha kucheka, yeye aliyekuwa akicheka hata misibani mpaka watu wakamkanya.

Mimi ni Siwatu, na kazi yangu ni kusoma vipimo. Nyuma ya shule kuna kiwanja kidogo chenye ua wa waya. Humo mna kipimamvua, mna kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe, na mna jogoo wa bati anayegeuka kuuonyesha upepo unakotoka. Kila asubuhi nafungua kipimamvua, nachungulia ndani, naandika sifuri. Wenzangu wakipita hunitania. "Siwatu, leo umevuna nini?" Nawaambia sifuri. "Basi tupikie, tuje tule!" Watu wa kwetu wana maneno, hata koo likikauka ulimi haukauki.

Lakini mtu akiandika sifuri kwa muda mrefu huanza kuiheshimu. Watu hudhani sifuri ni kutokuwa na kitu, nami nasema si kweli, sifuri ni kitu kilichopimwa kikakutwa hakipo. Asiyepima hana hata hiyo sifuri. Nikawa nakaa kwenye kiwanja changu, jogoo wa bati analia kwa kutu juu ya kichwa changu, najiuliza: mahali ambapo hapajapimwa pana nini? Mtu ambaye hakuandikwa popote anasimama wapi? Mguu wake unakanyaga nini? Na yule mwenye kalamu, anayesema hapa pana mji na pale pana pori, nani alimpa ruhusa? Alizaliwa nayo? Aliiokota? Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hawakusema likija litakuja na nini mkononi.

Haya, turudi kwenye maji. Katika nchi yetu kila kitu hugawiwa na Nyumba ya Ramani. Barabara, zahanati, mbegu, hata walimu, vyote hutumwa kwa kufuata nukta. Tukaomba mashine ya kuchimba kisima. Tuliomba kwa adabu zote, na jibu likarudi kwamba mashine imeshaondoka, iko njiani. Tukafagia njia. Akina mama wakatoa kanga za sandukuni. Tukakaa barazani tunausikiliza upande wa barabara, siku zikapita, mashine haikutokea.

Akaja mjumbe, kijasho chembamba kinamtoka, akasimama mbele ya msikiti akatangaza: mashine imefika salama kwenye nukta yetu, imechimba, na maji yamepatikana papo hapo, tena mengi, tena bila hata kwenda chini. Akatupa mkono wa pongezi mmoja mmoja.

Mama akamshika ule mkono asiuachie. "Mjukuu wangu, hayo maji umeyaonja?"

"La, bibi."

"Yana chumvi."

Mjumbe akasema lalamiko kuhusu ladha atalifikisha. Kisha akatukumbusha kwamba kila mji hupewa kisima kimoja tu, na chetu tumeshapewa. Akaondoka. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, halafu mbuzi mmoja akaanguka palepale akafa.

Usiniulize nilipata wapi ujasiri wa kwenda Nyumba ya Ramani mwenyewe. Sikuupata. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni, mama anywe maji kabla hajafa. Mengine yote niliyoyasema hapo juu ni falsafa, na falsafa hainyweki. Mama aliniita chumbani, akaninong'oneza, "Nenda kawaambie tupo."

"Niwaambie tupo wapi, mama?"

"Ebo! Tupo tulipo. Si wewe mwenye vipimo?"

Akanimiminia maji ya safari, nusu ya yaliyokuwa yamebaki mtungini. Alipogeuza uso nikayarudisha.

Nilisafiri kwa kufuata kontua. Hizo ni ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Ukiifuata hupandi wala hushuki, milima inakupita ubavuni nawe uko palepale kwa urefu. Nilitembea hivyo bila kuchoka, na bila kufika. Nikaitoa dira. Dira ikasema kaskazini ni kule. Nikaiuliza, kaskazini ni kitu gani? Maana katika lugha yetu kaskazini na kusini ni pepo mbili, kaskazi na kusi, huvuma zikaondoka. Mashariki ni jua kuchomoza, na magharibi ni wakati wa kuswali. Pande nne za dunia na hata moja si mahali: mbili upepo, mbili saa. Wazee waliotuachia maneno haya ama walijua sana wanachokifanya ama hawakujua kabisa, mimi bado sijaamua. Mtu akikuambia twende kaskazini anakuambia twende kwenye upepo, nawe unajitwika mzigo unamfuata. Nikajitwika, nikafuata. Njiani kuna mstari ambapo tarehe hurudi nyuma. Niliuvuka bila kuuona, ndiyo maana nilitoka kwetu Jumatano nikafika Jumanne. Nilipofika nikajua kwamba kwetu bado sijaondoka, mama bado anamimina maji, na mimi wa huko bado natafuta kiatu cha pili.

Nyumba ya Ramani haina kitasa mlangoni. Ina ufunguo, lakini ufunguo wenyewe ni ubao mpana ukutani, wa kueleza alama. Nikasimama kuusoma kama mwanafunzi. Mstari mwekundu, barabara. Msalaba, kanisa. Mwezi, msikiti. Nukta nyeusi penye nchi kavu, mji. Nukta nyeusi majini, kisiwa kinachokaliwa. Nilitafuta alama ya kiu. Nilitafuta alama ya mama. Ubao ulikuwa mkubwa lakini hazikuwemo, na mlango ukafunguka wenyewe.

Ndani alikaa mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Kibao cha mezani kilisema Bi Skola.

"Karibu, mama. Watokea wapi?"

Nikamtajia. Akapekua, akapeleka kidole kwenye buluu, uso ukamchangamka. "Ah, watu wa kisiwani! Samaki wanasemaje?"

"Hatuna samaki, dada yangu. Hatuna maji."

"Maji hamna?" Akacheka, akadhani namtania. "Mvua je?"

"Sifuri."

"Huko hatupimi mvua," alisema kwa upole, namna ya mtu anayemweleza mgonjwa. "Inaangukia kwenye maji mengine, haihesabiki."

Nikapandwa na hasira. Nikavua kiatu nikakikung'uta mezani pake, chungu zima la vumbi jekundu juu ya karatasi zake safi. "Na hii ni nini?"

Akalichota kwa ncha ya kidole, akalinusa. "Mchanga wa pwani," akasema. Lakini sauti ilikuwa imeshuka. Akalinusa tena, na nikaona kwamba na yeye aliwahi kuwa na kwao penye vumbi jekundu. "Haya, twende kwa mkubwa. Ila nakuonya, mama, huko juu kipimio ni kidogo sana."

Sikuelewa mpaka tulipoanza kupanda. Ghorofa ya chini, hatua moja ya mguu ni hatua moja ya nchi, na mtu ni mtu. Ghorofa ya pili, hatua moja ni kitongoji kizima, na kichwa changu kikawa usawa wa meza. Ghorofa ya tatu hatua moja ni wilaya. Nikafika kimo cha mguu wa kiti. Bi Skola yeye hakupungua, ameajiriwa. Akainama akaninyanyua kiganjani.

Niko kiganjani. Naona mistari ya mkono wake, mito mikavu. Mimi ni Siwatu. Siwatu ni nukta. Nukta ya nini? Nukta haina upana, mwalimu alisema, haina urefu, ina mahali tu. Na mahali pangu wamepachukua. Basi nimebaki na nini? Na kiu. Kiu haikupungua. Mwili umepungua, kiu iko vilevile, imenizidi ukubwa. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, wanasema, nami siku zote nilidhani methali ile inamcheka chungu. Haimcheki. Chungu anasema kweli, na mwenye kifuu anasema kweli, kipimio ndicho kinachowagombanisha. Ila sijapata kusikia kipimio kilichoandikwa na chungu.

Ghorofa ya juu alikaa Mkuu wa Nyumba, Bwana Telesfori, mzee mwembamba, amevaa saa mbili, moja kila mkono. Bi Skola akanitua mezani juu ya ramani. Nikapiga kelele, "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Nani huyo?" Akapapasa akaitwaa lenzi, akainama. Jicho lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu. "Oho. Mtu wa kisiwani."

"Sisi si wa kisiwani, mzee. Mji wetu uko nchi kavu, na mama yangu anakufa kwa kiu."

Nilitarajia abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nina vipimo vyangu vyote kichwani, joto, upepo, sifuri zote. Hakubisha.

"Najua," akasema. "Niliwaweka mimi." Akavuta kiti. "Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepewa kazi. Nilisimamisha kijiti uwanjani kwenu, nikangoja kivuli kiwe kifupi kabisa, jua liko utosini. Mkono huu nina saa ya Mstari wa Sifuri, ule unaoanzia kuhesabu dunia yote. Inasema tisa. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akitwanga, hapa kwenu sasa ni saa ngapi? Akacheka sana. Akasema, mgeni we, jua lote hilo hulioni? Saa sita. Nikaandika sita."

Nikamjua yule mama. Kwa kicheko nikamjua.

"Na saa sita ilikuwa saa sita," nikasema.

"Yenu. Ninyi mnaanza kuhesabu jua likichomoza, Mstari unaanza usiku wa manane. Sita yenu ni kumi na mbili yake. Mlikuwa mbele ya Mstari kwa saa tatu, mimi nikawaona mko nyuma kwa saa tatu. Tofauti ni saa sita. Kila saa moja dunia huzunguka nyuzi kumi na tano, sita mara kumi na tano ni tisini. Nikawatupa robo ya dunia, upande wa pili, majini." Alitabasamu, tabasamu la mtu anayekumbuka alivyoanguka kwenye baiskeli ya kwanza. "Niligundua nikiwa bado njiani kurudi."

"Mtume! Ukagundua, ukanyamaza?"

"Nilifika mbio kurekebisha. Nikakuta wakubwa wanacheza ngoma. Binti yangu, nchi hupewa bahari inayozunguka ardhi yake yenye watu. Kwa nukta yenu moja tulipata maji mapana kuliko nchi yenyewe. Kuna samaki humo. Kuna mafuta chini yake. Shule za nchi nzima zimejengwa kwa mafuta hayo. Nikiisogeza nukta, bahari yote inarudi kwa wenyewe."

"Kwa hiyo tufe."

"Nani kasema mfe?" Akaudhika kweli. Akachukua kalamu, akaiweka juu ya ile sehemu tupu ambako ndiko kwetu hasa, mahali ambapo ramani ilikuwa nyeupe. "Ninyi mtabaki kisiwani. Mji na jina lake, na watu wake wote kwa majina yao, Siwatu, Bi Mize, wote. Hapa nitachora mji mwingine, wenye watu wengine. Watu hao hawajapata kisima bado, nami nitawapa. Mashine itafika kabla hujafika."

"Watu gani hao?"

"Ninyi."

Bi Skola alikuwa akitazama ukutani. Nikamwomba kwa macho aseme neno. Akaanza kupangusa vumbi langu kwenye vidole.

"Mimi sikutumwa kuuza jina la watu," nikasema.

"Sinunui. Anayetoka mahali ndiye anayeweza kupaacha. Utaje mji wenu mara moja, mbele yangu, useme sitoki huko. Basi."

Nikakaa juu ya ramani. Chini yangu karatasi ilikuwa baridi, nami nikakumbuka mbuzi na kuta. Ile kalamu niliyokuwa nikiiuliza siku zote nani kaipa ruhusa, sasa ilikuwa inaningoja mimi, na hakuna mtu aliyenipa ruhusa yoyote. Ningeweza kukataa. Ningerudi na mji wetu wote mdomoni, mzima, mtamu, nikamkuta mama amekauka. Watu wangeniita shujaa kwa muda watakaokuwa hai. Nilimwona amelala kwenye kitanda cha kamba, analamba midomo kwa ulimi mkavu, anasikiliza mlango. Nililia, sioni haya kusema, na machozi yangu kwa kipimio kile hata karatasi hayakuilowesha.

Nikautaja mji. Nikasema sitoki huko.

Bwana Telesfori akaandika, akapuliza wino ukakauka. "Huo mji mwingine unaitwa Kisima Kipya," akasema. "Jina zuri."

Na kweli mashine ilifika kabla yangu. Nilikuta shimo limeshachimbwa, maji yanaruka juu kama mwendawazimu, watu wamelowa, wanapiga vigelegele, wazee wazima wanagaagaa kwenye tope. Hamduni, jirani yetu wa ukuta mmoja, amevalishwa sare, amesimama penye bomba anauliza kila mtu, "Wa wapi?" Mtu anajibu, "Kisima Kipya," anajaziwa ndoo. Alimwuliza hata mkewe. Watu walicheka. Wakasema jina ni jina tu, halichotwi na halinywewi, tungekuwa tumelikubali zamani. Nikamsikia mmoja anaanza kusimulia jambo la miaka ya nyuma, akafika pale pa kuutaja mji, akasimama, akafinya macho, akasema, "Pale... pale tulipokuwa," akaendelea na hadithi. Wasikilizaji hawakuona kasoro. Mimi nilijaribu kimya kimya, nikakuta ulimi umelala.

Hamduni aliniuliza nami, "Wa wapi, dada?" Tumekua naye, ananiuliza hivyo. Nikajibu. Akanijazia.

Sikusimama na watu. Nilikwenda mbio na ndoo, maji yananimwagikia miguuni, na nilikuwa na furaha, wallahi nilikuwa na furaha ya kupita kiasi, nimemletea. Mama alikuwa macho. Nikachota kwa bakuli, nikamwinua kichwa kwa mkono mmoja, nikamwekea mdomoni. Alikunywa polepole kwanza, kisha kwa pupa, maji yakimshuka kidevuni mpaka kifuani. Akanywa bakuli zima. Nikachota la pili, akanywa. Rangi ikamrudi usoni nikiwa naangalia, akapangusa midomo kwa upindo wa kanga, na haikutoka damu.

Akaniangalia vizuri. Akajivuta akae, akatengeneza mtandio kichwani, kwa heshima ile anayowekewa mgeni.

"Ahsante sana, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie. Na mama yako, hajambo?"

Nikamwambia hajambo, anaishi kisiwani.